Alama za Viwiko Chini ya Gari

Juzi nilikwenda kununua unga kwenye duka kubwa la mjini, hapa Likasi, nikamkuta mlinzi akipitisha kioo chini ya magari yaliyoegeshwa. Kioo kilikuwa kimefungwa kwenye fimbo ndefu yenye gurudumu. Alikipitisha upande mmoja, akakipitisha upande wa pili, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye simu. Nilisimama na mfuko wangu kichwani nikamkazia macho mpaka akaona haya. Njia nzima nilicheka peke yangu, lakini nilipofika nyumbani nikakaa uani, unga sijaufungua, nimeshikwa na hamu ya mahali ambapo siku hizi hata sijui lango lake limepakwa rangi gani.

Nilikuwa mfagiaji. Nilifagia maegesho ya mgodi mmoja wa shaba, njia ya Kakanda, kwa miaka kama saba. Watu huidharau kazi ya kifagio, na wiki ya kwanza niliidharau mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijiona mtu wa mezani. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenitafutia nafasi ile. Yeye alikuwa kule kabla yangu, msaidizi wa wapasuaji miamba, wale wanaotega baruti shimoni. Alikuwa ameacha shule katikati ili mimi nimalize, maana nyumbani hatukuweza kusoma wawili. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Sisemi hivyo kumpamba, ni kweli tu.

Sasa, baruti ina wapenzi wengi nje ya uzio wa mgodi. Mfanyakazi alipotoka alipekuliwa mpaka ndani ya soksi, kwa hiyo wezi wakabuni njia nyingine: waliifunga baruti chini ya gari la mtu mwingine likiwa limeegeshwa. Mwenye gari aliendesha mpaka mjini hajui kitu, na huko mwenzao aliifungua. Ndiyo maana pakawekwa mlinzi wa kioo. Mkuu wa usalama alikuwa mzungu aliyetoka kwenye vita fulani, na kwake yeye kila kitu kilikuwa bomu. Alitukusanya sote, mpaka wapishi, akatuonyesha picha za magari yaliyopasuka, akatangaza kwamba chochote kilichofungwa chini ya gari na ambacho hakikutoka kiwandani pamoja nalo ni bomu mpaka ijulikane vinginevyo. Mkalimani alitafsiri kwa namna yake:

"Kama kintu haikuzaliwa na motoka, ile ni bombe."

Basi tukabaki na maneno hayo. Mlinzi wa kioo alikuwa baba wa makamo, mtu wa Kasai aliyezaliwa huku, mrefu, mwenye mgongo uliochoka kwa kuinama. Kila asubuhi ungemsikia akizunguka magari na kuyauliza kwa sauti, "Hii ilizaliwa na weye? Na hii? Na hii kamba, mama yake ni nani?" Mimi nilimwita papa wa kioo, yeye akaniita mama wa balai, yaani wa kifagio, na tuliheshimiana kwa kutaniana.

Vitu alivyovikuta! Ndala moja ya mtoto. Panya aliyekauka. Siku moja alikuta kitambaa cheupe kimefungwa kwa mafundo saba karibu na tangi la lori la maji, mkuu wa usalama akafukuza watu wote maegeshoni, akalala kifudifudi, akakifungua kwa koleo. Ndani mlikuwa na mafuta ya mzeituni na karatasi yenye mstari wa Zaburi. Mke wa dereva alikuwa amekiombea kanisani kwao usiku mzima, akakifunga ili mumewe arudi salama. Mkuu alitaka dereva aandikiwe barua ya onyo. Papa wa kioo alimjibu, kofia mkononi, kwamba kile kitambaa kweli hakikuzaliwa na gari, lakini dereva naye hakuzaliwa na gari, na mke wake ana haki ya kumfungia kitu. Mkalimani alitafsiri nusu tu. Kitambaa kilirudishwa, nami nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini nilitaka kueleza habari ya kifagio. Kwetu ua ulifagiwa kila siku kabla mtu hajatoka nje, na mama alikuwa mkali kuhusu namna ya kufagia. Ulianza mlangoni ukarudi kinyumenyume mpaka njiani, ili usiache hata alama yako. Mistari ilipinda kushoto, kisha kulia, mpaka ua mzima ulionekana kama mifupa ya samaki. Kila nyumba mtaani ilikuwa na mistari yake, na ungeweza kujua binti wa nani amefagia wapi. Alama ya kwanza juu ya ua ilikuwa ya baba akienda kazini. Mama alisimama mlangoni akihesabu nani amepita: huyu ni jirani wa kuomba moto, huyu ni mbuzi, huyu ni nani aliyesimama dirishani akarudi?

Kaka yangu alikuwa adui wa ua wangu. Nikimaliza tu kufagia, anatoka na kupita katikati kwa makusudi, akicheka. Na alama yake haikufanana na ya mtu mwingine. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alidandia behewa la garimoshi, kama walivyofanya wavulana wote wa mtaa, akaruka vibaya, na mguu wa kulia ukapona ukiwa umeangalia nje. Kisigino kiliburuzika kidogo na kuacha mkia mfupi nyuma ya kila hatua. Nilimtukana kwa mkia ule mara elfu. Leo ningetoa mengi kuamka na kukuta ua wangu umeharibiwa namna ile.

Nilipoanza maegeshoni nilifagia kama kwetu, mifupa ya samaki, kinyumenyume, hata chini ya magari, kwa kuwa kifagio changu kilikuwa na mpini mrefu. Vumbi la huku ni jekundu na laini, wakati wa kiangazi linashika alama vizuri. Mwezi wa tatu nilimwambia papa wa kioo, kwa kujigamba, "Papa, mu ile kamyo ya tatu kuko muntu aliingia kwa chini. Alilala na mugongo." Alikuwa amekwisha kupita na kioo chini ya lori lile asione kitu. Alirudi, akainama tena, akakuta mfuko wa misumari ya shaba umebanwa juu ya springi. Ilikuwa shaba tu, si baruti, lakini kuanzia hapo tulishindana. Yeye kwa juu, mimi kwa chini. Aliyeshindwa alimnunulia mwenzake mkate na chai saa nne. Nilinenepa kwa mchezo ule.

Mtu akilala chini ya gari huacha alama zisizofanana na za mtu anayepita. Unaona viwiko viwili vimezama, unaona mgongo umelainisha vumbi, unaona visigino vimejisukuma. Mkuu wa usalama hakuwahi kutufundisha hayo. Mama yangu alikuwa amenifundisha bila kujua, na nilijivuna kwa hilo kuliko kwa cheti changu cha shule. Majira niliyoyachukia ni yale ya maua ya jakaranda. Wageni walikuja wakapiga picha, "Oh, ni mazuri!", na mimi nilikuwa na kazi ya kutoa zulia la zambarau lililoficha kila kitu. Hata hilo sasa nalitamani.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, kiangazi kimekolea. Lori la kuturudisha mjini lilikuwa limeharibika njiani, na baada ya chakula cha mchana wakatuambia kwamba injinia mmoja amekubali kutuchukua sisi wanawake watano nyuma ya pikapu yake saa kumi. Tulifurahi kama watoto, tukagawana nafasi palepale jikoni. Mimi nilipewa nyuma kabisa, upande wa kushoto, kwa sababu mimi ndiye ambaye ningeshuka wa kwanza. Pikapu ile ilikuwa nyeupe. Kila mtu alijua kwamba haikaguliwi sana, maana mwenyewe hakupenda kungojeshwa, na langoni walinzi walikuwa wakimfungulia na kumpigia saluti.

Saa nane nilipita na kifagio kwa mara ya pili. Chini ya pikapu, nyuma upande wa kushoto, niliona viwiko. Vilikuwa vimezama vizuri, vipya, kingo zake bado kali. Niliinama nikafurahi, haki ya Mungu nilifurahi, nikifikiria mkate na chai yangu. Halafu nikafuata alama za miguu zinazotoka pale kwenda ukutani. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kawaida. Wa kulia uliangalia nje, na nyuma ya kisigino palikuwa na mkia mfupi.

Mkono wangu ulifagia. Sitafuti kisingizio, naeleza tu jinsi ilivyokwenda: mkono ulifagia kwanza, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutoka ukutani mpaka kwenye gurudumu, na kichwa kilifika baadaye kikakuta vumbi safi. Kwa miaka saba nilifagia ili alama zionekane. Siku ile nilifagia ili zipotee, na sijawahi kufagia vizuri kama pale.

Kisha nikawakumbuka wenzangu wanne jikoni, na mimi mwenyewe wa tano. Nilimwita papa wa kioo, nikajitahidi sauti iwe ya kawaida.

"Papa, kuya na kioo yako. Angalia hii motoka."

"Ile ya enjenyeri? Mama wa balai, weye unatafuta mukate ya bure."

"Angalia tu, papa. Nyuma, ku kushoto."

Aliinama, akaingiza kioo. Alianza wimbo wake, "Hii ilizaliwa na..." akaukatisha. Halafu akainuka polepole, akatazama vumbi nililolifagia, akanitazama usoni, na niliona kwamba ameelewa. Hakujua ni nani. Alijua tu kwamba nimeona kitu nikakifuta.

"Pa chini uliona nini?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Sikuona kintu."

Alipuliza filimbi yake.

Mkuu wa usalama alikuja mbio, uso umemwiva, na nathubutu kusema alikuwa na furaha, maana kwa miaka alikuwa akilingojea bomu lake. Watu waliondolewa mpaka ng'ambo ya barabara. Alikuja mpasuaji mkongwe wa shimoni, mwenye mvi, akaingia chini peke yake, akatoka na kifurushi cha nailoni ya buluu kilichofungwa kwa vipande vya mpira wa gurudumu. Alipokifungua alikaa chini ghafla, pale pale vumbini. Mlikuwa na vijiti vya baruti, na pamoja navyo fataki za kuiamsha, katika mfuko mmoja. Hata sisi wafagiaji tulijua kwamba vitu hivyo viwili havilali nyumba moja.

"Mu ile barabara ya mashimo," alisema akitikisa kichwa, "haingefika mujini. Ule muntu aliyeitia, ao hakufundishwa, ao hakujali."

Kaka yangu alikuwa amefundishwa. Aliyemfundisha alikuwa ni yule mzee mwenyewe.

Wakatafuta mwenye kosa. Ni nani anayeruhusiwa kulala chini ya magari bila kuulizwa? Ni nani aliyejua mahali penyewe? Papa wa kioo aliulizwa kwa nini siku ile aliamua kukagua gari ambalo huwa halikagui. Angeweza kunyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, kifagio mkononi. Alisema, "Kazi ni kazi." Wakamrudia tena na tena, akawajibu hivyo hivyo. Saa kumi na moja polisi walimpakia wakampeleka kasho, mahabusu ya mjini. Alipopita mbele yangu alinisalimia, "Mama wa balai," kama vile asubuhi, na nilitamani ardhi inifunike.

Kesho yake, Jumamosi, mke wake alikuja langoni na sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, imefungwa kwa kitambaa, akidhani mumewe yuko ofisini anahojiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba yuko mjini. Mimi ndiye niliyemwambia. Alinishukuru, akaniuliza kama najua kosa lake ni nini. Nilisema sijui. Hivyo katika siku mbili nilikuwa nimedanganya mara mbili watu wawili wa nyumba moja.

Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa kaka yangu. Alikuwa amekaa mlangoni pake, ameloweka miguu kwenye beseni. Alinipa maji ya kunywa, nikayanywa yote kwanza ndipo nikamwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, nikasema.

"Yaya, niliona mukila yako chini ya ile motoka."

Alicheka kidogo, akaacha. Alikana, halafu akachoka kukana. Kuna wachimbaji fulani wa mkono walikuwa wamemsumbua miezi wakitaka baruti, alisema, na yeye alitaka afanye mara moja tu apate mtaji, aachane na shimo kabla halijamzika. Nilimuuliza habari ya fataki. Alisema alikuwa na haraka.

"Na ule papa iko mu kasho juu yako."

"Balinzi banatokaka. Siku mbili, tatu, bataona hana kintu, batamuacha. Minye wakinikamata ni Buluo. Unajua Buluo?"

Kila mtu wa Likasi anaijua Buluo, gereza lenyewe halipo mbali. Nilimwangalia akijikausha mguu ule mbovu, taratibu, kidole kwa kidole, nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja. Nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia ambalo lingemwinua kwenye kiti kile: kwamba mimi nilikuwa nikae juu ya kifurushi chake. Yeye alikuwa shimoni wakati tunagawana nafasi, hakujua habari ya lori kuharibika, alidhani injinia ataendesha peke yake kama siku zote. Neno lilikuwa mdomoni. Nililimeza.

Nililimeza kwa makusudi. Nilitaka aende kukiri kwa ajili ya yule baba asiye na kosa, na mkewe mwenye sufuria, na injinia ambaye naye ana mama yake mahali. Nilitaka hilo limtoshe. Siku zile nilikuwa mtu wa kanisa sana na nilikuwa na kiburi cha watu wa kanisa, nilijipa kazi ya kumpima ndugu yangu.

"Nakupa mpaka Lundi asubuhi," nilimwambia. "Kama haukuenda, nitaenda minye."

"Weye? Mudogo yangu? Hauwezi."

Jumatatu nilisimama karibu na lango tangu saa kumi na mbili. Alifika na wenzake wa shimoni, kofia ngumu kichwani. Aliniona. Alipita mbele ya ofisi ya usalama bila kupunguza mwendo, mguu wake ukiburuzika, akaelekea shimoni. Nilingoja mpaka mgongo wake ukapotea. Kisha nikaegemeza kifagio changu ukutani nikaingia ofisini, nikasema yote, pamoja na habari ya mkono wangu.

Papa wa kioo aliachiwa jioni hiyo. Alirudi kazini siku nne, halafu akaacha, akahamia kwa wakwe zake kulima. Siku ya nne alinikuta nikifagia akasimama pembeni, asikanyage mistari yangu. Alisema, "Mama, ulifanya kintu ya nguvu." Hakuniita mama wa balai. Nilijua mchezo wetu umekwisha, na kwa kweli nilimlilia yeye kabla sijamlilia kaka yangu. Mimi nami sikukaa sana. Mkuu wa usalama alitaka kunipa kazi ya ulinzi, na sare, na kioo. Nilimwambia sina mgongo wa kuinama.

Kaka yangu alihukumiwa, akapelekwa Buluo. Mama alinifungia mdomo, asiseme nami tena. Nilipofagia ua wake alitoka akafagia tena juu ya mistari yangu, bila neno, na baba alikuwa amekwisha kufariki kwa hiyo hapakuwa na wa kutupatanisha. Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda pikipiki nikapeleka chakula gerezani: bukari, sombe, samaki wa tomson nilipompata. Chakula kiliingia, sufuria ilirudi tupu, yeye hakutoka kuniona. Ilikuwa hivyo kwa majuma mengi. Nilijiambia kwamba kama sufuria inarudi tupu, anakula, na kama anakula, anaishi.

Leo yuko nje. Ana kibanda cha vipuri vya pikipiki barabara ya Kamatanda, amenona, watoto wangu wanampenda na wanamwiga anavyotembea. Mama alinifungulia mdomo kabla ya kufa. Tunakula pamoja sikukuu zote, na mgeni akitukuta atadhani hakuna kilichotokea. Lakini kuna Jumapili moja ya Buluo ambayo hatujaizungumza tena hata siku moja.

Jumapili hiyo alitoka kuonana nami. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa. Alikaa mbele yangu kwenye benchi, akafungua sufuria, akala matonge mawili au matatu. Aliuliza habari za mama. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba kule ndani watu humuuliza ni nani aliyemchoma, na yeye husema hajui, kwa kuwa anaona haya kutaja damu yake. "Uliniuza juu ya mulinzi," alisema. "Muntu haiko hata wa kwetu."

Nilikuwa nimekuja na upole wangu wote wa kanisani. Ulikwisha hapo hapo.

"Ile siku kamyo ilikufa," nilimwambia. "Enjenyeri alipashwa kutubeba siye bamama batano mu ile pikapu. Ulijua?"

Tonge lilibaki mkononi mwake.

"Na weye?"

"Na minye."

"Ulipashwa kuikala wapi?"

"Nyuma. Ku kushoto."

Aliliweka tonge ndani ya sufuria. Alijipangusa mkono kwenye suruali, mara nyingi, hata ulipokuwa umekauka. Nilidhani atalia, nami nilitaka alie, nilikuwa nimelingojea hilo kwa miezi. Aliponiangalia hapakuwa na chozi.

"Ile Samdi ulikuya kwangu," alisema. "Nilikupa mayi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na haukunyambia."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema nilitaka aende kwa ajili ya yule papa, si kwa ajili yangu. Nilisema nilitaka kuona kama uhai wa mtu mwingine ungemtosha. Kila neno lilipotoka nilisikia jinsi lilivyo dogo mbele ya ukuta ule na kile kichwa kilichonyolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Ningelienda," alisema. "Ile ile mangaribi, na miguu ya mayi. Ningelienda minye mwenyewe."

Najua kwamba angeenda. Nilijua pale kwenye benchi, na ninajua sasa ninapoandika. Mahakama ingemwona mtu aliyejileta, na mama angekuwa na mwana aliyekosa akatubu, badala ya mwana aliyetolewa na dada yake.

"Nilikuwa nataka ukuwe muntu wa kuenda hata kama haiko minye wa kufa," nilisema.

"Minye sikukuwa ule muntu," alinijibu. "Minye nilikuwa tu yaya yako."

Askari aligonga mlango kwa kijiti kuonyesha kwamba muda umekwisha. Kaka yangu alifunika sufuria, akanirudishia ikiwa bado nzito.